Je, wajua kwa nini kiwavijeshi vamizi wa Afrika ni "wa mpunga" kwa mama yake na bado anakula mahindi?

Mchukue kiwavijeshi vamizi kutoka shamba la mahindi Tanzania, Kenya au Uganda, mpeleke maabara apimwe vinasaba, na mara nyingi jibu litakuja hivi: huyu ni wa ukoo wa mpunga. Mwenye shamba hana hata jaruba moja la mpunga, wala jirani zake. Maabara haijakosea. Imesoma upande wa mama tu.

Kwao ni Amerika ya kitropiki, na huko mdudu huyu, Spodoptera frugiperda kwa jina la kisayansi, ana koo mbili ambazo kwa macho hazitofautiki. Viwavi wote wana alama ya Y iliyopinduliwa usoni na madoa manne meusi yaliyokaa mraba karibu na mkia. Ukoo mmoja hupendelea mahindi na mtama, mwingine hupatikana zaidi kwenye mpunga na majani ya malisho. Wataalamu huzitenga kwa kusoma jeni mbili: COI, iliyomo kwenye mitokondria (vijisehemu vya seli vyenye vinasaba vyake vyenyewe), na Tpi, iliyoko kwenye kromosomu ya jinsia iitwayo Z. Amerika jeni hizi mbili kwa kawaida husema jambo moja. Afrika, kwa wadudu wengi, COI inasema mpunga na Tpi inasema mahindi.

Ugomvi huo una maelezo mazuri. Mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake. Kuhusu kromosomu za jinsia, nondo ni kinyume cha binadamu: dume ana Z mbili, jike ana Z moja na W moja. Sasa jike wa ukoo wa mpunga akipandwa na dume wa ukoo wa mahindi, binti yao hupata W na mitokondria kutoka kwa mama, na Z yake moja kutoka kwa baba. Binti huyo akisomwa, COI ni ya mpunga na Tpi ni ya mahindi, tangu kizazi cha kwanza. Mabinti wakiendelea kupandwa na madume wa mahindi, damu ya mpunga huzidi kupungua kila kizazi, lakini COI ya bibi haiondoki. Ndiyo maana tuliyenaye tunamwita chotara, na ndiyo maana kipimo cha COI peke yake hakikwambii atakula nini.

Jambo la pili ambalo COI inaonyesha ni ufinyu wa tofauti za vinasaba. Mdudu alitangazwa Afrika Magharibi mwaka 2016, akafika Afrika Mashariki kufikia 2017, India 2018, China mwanzoni mwa 2019 na Australia 2020. Katika eneo lote hilo matoleo mawili tu ya COI ndiyo yametawala, moja kwa kila ukoo, wakati Amerika yako mengi zaidi. Toleo la ukoo wa mahindi linafanana na la wadudu wa Florida na visiwa vya Karibi, na hiyo ndiyo sababu eneo hilo hutajwa kuwa chimbuko la waliovuka bahari. Uchambuzi wa jenomu nzima, yaani vinasaba vyote vya mdudu, uliofuata umeipa hadithi hiyo mikunjo: wadudu wa Asia hawakai kama watoto wa moja kwa moja wa wale wa Afrika Magharibi, kwa hiyo huenda waliingia zaidi ya mara moja.

Ufinyu huo lakini usisomwe haraka haraka, kwani sampuli mbovu nazo huuzalisha. Jike hutaga mayai kwa mafungu ya 100 hadi 200, na yakianguliwa ndugu wote huanzia mmea mmoja na mimea ya jirani. Ukikusanya viwavi 20 kwenye mistari miwili, huenda umekusanya familia moja, na maabara itakwambia kwa uaminifu kabisa kwamba wanafanana. Chukua kiwavi mmoja kwa mmea, mimea iwe mbali, na mashamba yawe kadhaa. Kila mmoja akae kichupa chake, kwa sababu hawa hulana. Tumia ethanoli ya asilimia 95 au zaidi na uibadilishe baada ya siku moja, maana maji ya mwili wa kiwavi huizimua na vinasaba vikaanza kuoza. Andika lebo kwa penseli. Wino wa kalamu huyeyuka. Maabara nayo ikate kichwa au miguu, isisage mwili mzima: tumboni mna mabaki ya chakula, na pengine mna mtoto wa nyigu anayemla kiwavi kwa ndani. Hapo COI itakayosomeka inaweza kuwa ya nyigu.

Tuseme sampuli ni nzuri na ufinyu ni wa kweli. Mbona basi mdudu huyu hadhoofiki? Kwa sababu mitokondria ni kipande kidogo mno. Jenomu ya mdudu huyu ina herufi takribani milioni 400 kwenye jozi 31 za kromosomu, na uchotara uliingiza humo mchanganyiko wa koo mbili. Waanzilishi wachache tu, yaani wadudu wa kwanza kuvuka bahari, wanaweza kubeba sehemu kubwa ya tofauti za jeni za kiini cha seli, huku matoleo mengi adimu ya COI yakiachwa nyuma.

Zaidi ya hapo, waanzilishi hawakuja mikono mitupu. Amerika wamepuliziwa dawa kwa miongo mingi, na waliosalia ndio waliozaana. Viuatilifu vya oganofosfeti huua kwa kuziba kimeng'enya cha mishipa ya fahamu kiitwacho asetilikolinesterasi. Mabadiliko ya herufi moja kwenye jeni yake, hasa yale yanayogusa nafasi ya 201 au ya 290 ya protini hiyo, huifanya dawa isishike vizuri, na mabadiliko hayo yameonekana kwa wadudu waliovamia Afrika na Asia. Yaani usugu huo haukuzaliwa shambani kwako. Uliletwa, na kila anayepuliza oganofosfeti tupu anauchagulia mbegu.

Kwa hiyo kubadilisha chupa si kubadilisha dawa. Madukani utakuta majina matano ya biashara yenye kiambato kilekile. Soma kwenye lebo namba ya kundi la utendaji: 1B ni oganofosfeti, 3A pairethroidi, 5 ni akina spinosadi, 6 emamektini benzoeti, 28 klorantraniliproli. Kundi moja lisivuke kizazi kimoja cha mdudu, ambacho kwenye joto huchukua takribani siku 30, kisha hamia namba nyingine.

Na dawa ikishindwa, usikimbilie kulaumu jeni. Kiwavi mkubwa hujificha ndani kabisa ya moyo wa mhindi, juu yake kinyesi kinachofanana na unga wa mbao kimeziba njia. Dawa iliyopulizwa saa sita mchana juu ya majani haimfikii, awe sugu au la. Fungua moyo wa mimea kadhaa kabla ya kupuliza. Ukikuta viwavi wachanga, au majani yenye vidirisha vya utando tu bila matundu, puliza jioni, nozeli ikielekea ndani ya moyo wa mmea. Rudi baada ya siku mbili au tatu ukafungue tena. Ni pale unapowakuta viwavi wachanga wakiwa hai kwenye mimea iliyolowa vizuri, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye lebo na kwa dawa ambayo haijaisha muda wake, ndipo usugu unastahili kushukiwa. Hao ndio wa kuwatia kwenye ethanoli.