Riwaya ya bendi ya roki: fuata nani katunga wimbo

Wengi hukwama mapema kwenye Daisy Jones & The Six, riwaya ya Taylor Jenkins Reid ya mwaka 2019, kwa kuwa kitabu kizima ni mahojiano: jina, maneno ya mhusika, jina jingine. Andika kikaratasi ukiweke ndani ya kitabu. Billy Dunne anaimba na kutunga, mdogo wake Graham gitaa la solo, Eddie gitaa la rizimu, Pete besi, Warren ngoma, Karen kinanda, Daisy sauti. Usihangaike kutafuta mkweli ni nani. Wanapingana hata kwenye vitu vidogo, na utamu uko hapo hapo.

Kinachouza kitabu ni mapenzi na dawa za kulevya. Mimi nasema fuata utunzi. Redio za kawaida za Marekani, zile za AM na FM, wimbo ukipigwa humlipa mtunzi na mchapishaji wake. Mwimbaji na wapigaji hawapati kitu. Gharama za studio nazo hukatwa kwenye fungu la bendi kabla haijagawana senti. Ukilijua hilo, manung'uniko ya Eddie kwamba Billy anampangia kila noti hayasomeki tena kama wivu mtupu.

Halafu kuna nafasi. Santuri ya inchi 12 hubeba kama dakika 20 kila upande. Ukizidisha sana, mifereji inabanana na sauti inapungua nguvu. Kwa hiyo kila wimbo wa Daisy unaoingia kwenye Aurora, albamu ya bendi hii riwayani, unaziba nafasi ya mwingine. Fleetwood Mac, bendi ambayo Reid mwenyewe amekiri ilimchochea, yalishawakuta: "Silver Springs" ya mwimbaji wao Stevie Nicks iliachwa nje ya Rumours, albamu yao ya mwaka 1977, ikatupwa upande wa pili wa singo ya "Go Your Own Way", wimbo ambao mpiga gitaa wao Lindsey Buckingham alimtungia Nicks huyo huyo walipokuwa wakiachana. Jamani!

Mashairi ya Aurora yamechapwa mwishoni mwa kitabu. Usiyaache hadi umalize. Ukifika Daisy anapoandika "Regret Me" kwa hasira, fungua nyuma usome beti zake, kisha rudi umsikilize Billy akijieleza, utaona anachokikwepa. Ila usitumie albamu iliyotoka na tamthilia ya mwaka 2023 badala ya kurasa hizo. Majina ya baadhi ya nyimbo ni yale yale, mashairi yameandikwa upya, na utakuwa unatafuta kwenye spika mistari ambayo haimo.