Kabla hujapasua baraza

Miezi kadhaa iliyopita nilikuwa Kiponda, mtaa wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, nimepiga magoti mbele ya duka na tepu yangu ya kupimia, mzee mmoja akapita na boflo kwapani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Linafunguliwa nini tena hapa?"

Nikamwambia duka la kahawa. Akautazama mlango, akanitazama mie, kisha akageuka pembeni ya njia, ambapo muuza kahawa alikuwa amekaa na dele lake, birika la kahawa, kama anavyokaa kila siku baada ya alasiri.

"La kahawa," akasema, akaenda zake.

Kazi yangu ni kupima na kuchora nyumba kongwe kabla mafundi hawajazigusa. Watu hudhani nashughulika na mawe na chokaa tu. Kumbe nusu ya kazi ni biashara, maana nyumba nyingi za Mji Mkongwe hazitengenezwi mpaka ipatikane pesa, na pesa hupatikana duka la chini linapobadilisha mkono. Anakuja mpangaji mpya, keshatoa kilemba cha kuingilia, ana haraka, na lazima apasue kitu. Mara nyingi anachotaka kupasua ni baraza, ile benchi ya mawe iliyojengwa nje mbele ya nyumba. Kwa nini baraza? Ukilipata jawabu la hilo umeshaelewa mtaa mzima ulivyogeuka, kwa hiyo nitalieleza taratibu.

Tuanze na upana. Ingia duka lolote la zamani Kiponda, Hurumzi, Mkunazini au Sokomuhogo, nyosha mikono: karibu utagusa kuta mbili. Wengi huona ni ufinyu wa mji wa watu waliobanana. La, ni mti. Sakafu za juu zimebebwa na boriti za mkoko, zimelazwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake mawe madogo ya matumbawe na chokaa. Boriti nzuri iliyonyooka inakupa mita mbili na nusu, tatu kwa taabu. Ukitaka chumba kipana zaidi, unajenga ukuta mwingine katikati. Ndiyo maana hata jumba la tajiri ni vyumba vyembamba virefu vilivyopangwa ubavu kwa ubavu, na kila chumba cha chini kinachotazama njia kina umbo la duka kabla hata mtu hajaleta gunia la mchele.

Mwenye duka wa zamani alilipenda umbo hilo. Alikaa katikati, mkono huu unafika kwenye sukari, mkono ule kwenye mafuta ya taa, mizani inaning'inia mbele ya uso wake. Hakuhitaji kuinuka. Na mteja hakuhitaji kuingia.

Hapo ndipo penyewe. Nyumba za mtindo wa Kiarabu ziliipa njia mgongo: ukuta mtupu, mlango mmoja wa nakshi, uwanja uko ndani, na nje baraza ya mgeni asiyehitaji kuvuka kizingiti. Wafanyabiashara wa Kihindi walikuja na nyumba nyingine, duka chini na familia juu. Mlango wake si ule wenye vichwa vya shaba unaopigwa picha na kila mtalii. Ni ule tunaouita wa Kigujarati, wa vipande vya mbao vinavyokunjwa kimoja juu ya kingine. Ukishakunjwa wote, ukuta wa mbele umekwisha, duka na njia ni kitu kimoja. Mteja anasimama njiani au anakaa barazani, anasema "nipimie sukari nusu ratili," anaulizia hali ya mgonjwa, anakorofishana na mtu mwingine kuhusu mpira, sukari inafika mkononi imefungwa karatasi. Baraza ilikuwa ndiyo kaunta. Pia kiti, meza ya bidhaa, na siku ya mvua kubwa maji yanapojaa uchochoroni, ndiyo njia ya miguu.

Kwa kifupi: mteja alikuwa nje. Siku hizi mteja yuko ndani.

Duka lile la Kiponda limenionyesha safari hiyo vizuri kuliko kitabu. Nilipoinua tochi niliona kulabu ya chuma kwenye boriti ya tatu kutoka mlangoni, imelika upande mmoja kwa kamba ya mizani. Ukuta wa kushoto, mpaka usawa wa kiuno, plasta inatoka kama unga na ukiilamba (mie hulamba, mnisamehe) ni chumvi. Jirani, bibi anayekaa ghorofa ya juu yake tangu utoto, akanimalizia: hapo palipangwa papa. Papa mkavu, marobota kwa marobota. Chumvi ikishaingia ukutani haitoki kwa rangi. Inavuta unyevu kutoka hewani, na masika yakifika ukuta unatoka jasho hata kama hakuna bomba linalovuja. Mpangaji aliyepita alikuwa akigombana na mwenye nyumba kila mwaka juu ya "bomba" hilo lisilokuwepo.

Baada ya papa, kwa maelezo ya bibi yule, duka likafungwa. Mapinduzi ya 1964 yalipokuja wenye mali wengi waliondoka, nyumba nyingi zikataifishwa, na katika miaka ya sabini bidhaa zilikuwa adimu hata mwenye duka hakuwa na cha kuweka. Chumba kikawa ghala, kisha mtu akalala humo. Halafu 1984 akaingia Mzee Ali Hassan Mwinyi kuongoza Zanzibar, biashara ikaanza kufunguliwa, na milango ile ya kukunja ikakunjuliwa tena: redio, vitambaa, sabuni za kunukia, vyote vya Dubai. Bibi anakumbuka foleni ya watu waliokuja kuangalia tu.

Kisha watalii. Duka likawa la vinyago, mikufu ya shanga na picha za kuchora, na hapo ndipo mlango wa Kigujarati ulipong'olewa likawekwa dirisha la kioo. Sijui ulikwenda wapi mlango ule. Pengine ni meza ya hoteli.

Tusimlaumu mwenye duka la vinyago, ana hesabu zake. Anayenunua nusu ratili ya sukari anajua anachotaka na atarudi kesho. Anayenunua kinyago hajui anachotaka na hatarudi maisha yake yote. Huyu wa pili lazima umwingize, umkalishe, umpoze kwa kiyoyozi, umtoe mikononi mwa papasi, wale vijana wanaowaandama watalii, waliomfuata tangu Forodhani, umpe nafasi ya kuzunguka. Kwa hiyo ukuta wa mbele unarudi, mlango unafungwa ili baridi isitoke, na baraza iliyokuwa kaunta sasa ni kikwazo cha ngazi. Mpangaji anaiona ni jiwe lililozibia mlango wake, tena lina vijana watano juu yake ambao hawanunui kitu. Ndiyo maana anataka kuipasua.

Na wale wa sukari wamekwenda wapi? Wamewafuata wateja wao. Watu wa Mji Mkongwe walihamia ng'ambo, Michenzani, Mwanakwerekwe, Fuoni, na duka la vyakula likaenda nao, kwenye nyumba za zege ambako chumba kinaweza kuwa kipana upendavyo, mteja akapita katikati ya rafu na kikapu. Duka la namna hiyo halienei chini ya boriti. Mie nasema mkoko umechangia kuhamisha maduka ya vyakula, pamoja na kodi za pango. Wenzangu kazini hunicheka nikisema hivyo, na hawajaniletea jawabu bora.

Majina yamebaki nyuma kama viatu vya mtu aliyekwisha ondoka. Sokomuhogo hakuna soko la muhogo. Darajani hakuna daraja, maana ghuba iliyotenganisha mji na ng'ambo ilifukiwa zamani; lililobaki ni soko lenyewe, lile la 1904, na zogo lake.

Sasa kiyoyozi, maana hapa ndipo ninapogombana na watu. Ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua. Unyevu unaingia, unatoka, hakuna tatizo, milango ikiwa wazi mchana kutwa. Ukifunga chumba, ukapiga plasta ya saruji juu ya chokaa, ukapaka rangi ya mafuta, ukawasha kiyoyozi, umeufunga ukuta pumzi. Maji yanakaa ndani na kutafuta pa kutokea, na mahali laini kuliko pote ni ncha ya boriti pale ilipoingia ukutani. Boriti huanza kuoza hapo, ndani, usipopaona. Katikati inalia kavu ukiigonga, ncha imekuwa tumbaku. Hoteli za juu zinaongeza balaa, kwa kuwa kila chumba kinataka choo na bafu lake katika nyumba iliyokuwa na choo kimoja.

Najua kwa sababu nilikosea. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimruhusu fundi apige saruji kwenye duka moja, mwenyewe ana haraka ya msimu, mie nina haya ya kumbishia mtu mzima. Masika ya pili plasta ilishuka usiku, kipande kizima kama mlango, na nyuma yake chokaa ya miaka mia ilikuwa imegeuka tope. Hakuumia mtu. Tangu siku hiyo sina haya.

Kisheria mambo ni wazi: Mji Mkongwe una mamlaka yake ya uhifadhi tangu 1985, umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000, na kugusa sura ya nje ya nyumba kunahitaji kibali. Lakini kibali hakimfanyi mtu aipende baraza. Nikizungumza na mpangaji siku hizi nazungumza biashara, na mfano wangu ni wakala wa pesa za simu.

Mtazame. Biashara mpya kuliko zote mtaani, na imerudi kwenye umbo la zamani kuliko yote. Anakodi upenyo chini ya ngazi, upana wa kiti, mahali alipokuwa akikaa fundi cherehani. Hana kioo wala kiyoyozi. Mteja anasimama nje, anataja namba yake kwa sauti ya chini, anasubiri ujumbe uingie, anakaa barazani kidogo. Kumi wakisubiri, muuza urojo anasogea. Muuza urojo akisogea, wakala anapata wateja kumi wengine. Pango lake ni dogo, na mwaka 2020 watalii walipotoweka na maduka ya vinyago yakashusha mapazia, yeye alikuwa wazi kila siku. Mwezi wa Ramadhani utaona vivyo hivyo: baada ya alasiri kinamama wanatandika mikate ya kumimina na sambusa kwenye baraza za maduka ya zawadi ambayo mchana kutwa hayakuingiza mtu, na uchochoro unajaa hadi hamali na mkokoteni wake anapiga kelele za "pisha, pisha" hakuna anayepisha.

Haya yote nilimweleza yule kijana aliyekuwa akifungua duka la kahawa pale Kiponda. Alinisikiliza kwa adabu, huku anaangalia simu. Tulipatana hivi: kuta zipigwe chokaa iliyolazwa shimoni vya kutosha, si ile ya mfukoni iliyochanganywa asubuhi. Ule ukuta wa papa uachwe bila rangi, wateja wadhani ni mtindo. Mashine ya kahawa isimame karibu na mlango, mvuke utoke njiani, na mlango uwe wa kukunja, nimemchorea vipande 6. Kiyoyozi hakuna, feni mbili. Kulabu ya mizani haiguswi. Baraza inabaki.

Kwenye baraza ndipo tulipokaa saa nzima. Alitaka walau nusu yake iondoke apate ngazi pana. Nikampigia hesabu ya viti: ndani ya duka lile, ukishaweka mashine na kaunta, wanakaa watu sita. Barazani wanakaa wanane, bila kununua kiti hata kimoja, na hapo pana kivuli kuanzia saa nane mchana kwa sababu njia ni nyembamba. Hapo akaiweka simu mfukoni.

Amefungua Ijumaa. Jana kanipigia kulalamika. Barazani wamejaa kweli, wanane wote, kila siku, kivuli wamekipenda na neno la siri la waifai wamelipata. Kahawa wanainunua kwa yule muuza kahawa wa dele.