Injini Isiyowahi Kuwaka Haina Jana

Bodaboda ikigoma asubuhi pale Buzuruga, Mwanza, jana yake ilikuwa inatembea. Hilo ndilo jambo kubwa unalolijua kabla hata hujashika spana: kila kitu kilikuwa kizima, kisha kimoja kikaharibika. Fundi anachomoa plagi, anatazama moto, anafungua kabureta, na baada ya nusu saa abiria anapakiwa. Injini uliyoikereza mwenyewe haina jana. Hakuna hata nati moja ndani yake unayoweza kuapa kwamba iliwahi kufanya kazi ikiwa mahali pale.

Kazi inayonilisha ni kukereza bushi na shafti za mashine za kusaga na za boti za wavuvi, hapa Nyakato. Injini ndogo ni uraibu wangu wa jioni. Mwaka huu vijana watatu wameniletea za kwao zikiwa kimya, na wote watatu walikuwa na malengelenge vidoleni kwa kuzungusha flaiwili, lile gurudumu zito la injini. Nimechoka kueleza upya, ndiyo maana naandika.

Ya kwangu ya kwanza ilikuwa ya foo stroki, ya kuendesha boti ya kuchezea. Kipenyo cha silinda mm 20, pistoni inasafiri mm 22, jumla cc 6.9. Bodi niliisubu kwa aluminiamu ya mabloku chakavu ya pikipiki, pistoni na ringi nikakereza kutoka dramu la breki la lori. Ilipendeza. Wiki tatu haikutoa hata mlio mmoja.

Baadaye nilikuta ilikuwa na magonjwa matatu kwa wakati mmoja, na hapo ndipo wengi tunapopotea. Ukiponya mmoja, injini inabaki kimya vilevile, nawe unaamini dawa haikuwa yenyewe, unairudisha ulikoitoa. Siku ya nne nilipunguza koo la kabureta, yaani njia yake nyembamba ya kupitisha hewa. Ilikuwa dawa sahihi kabisa! Haikuwaka, nikafunga tena lile koo la zamani. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kuacha kuizungusha. Kila kiungo kipime peke yake, kwa kipimo kisichohitaji injini iwake ndipo kikujibu.

Ninaanza na upepo. Wengi huanza na moto kwa sababu unaonekana, lakini kwenye injini ya cc 7 uvujaji ndio muuaji. Ukiizungusha kwa mkono, pistoni inachukua kama sehemu ya kumi ya sekunde kupanda. Upenyo ambao silinda ya cc 125 haiutambui unatosha kuimaliza hewa ya hii ndogo kabla pistoni haijafika juu. Halafu tupo Mwanza. Ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ina shinikizo pungufu kwa kama asilimia 12 kuliko ya pwani. Injini inaanza kubana ikiwa tayari imepunjwa.

Kipimo nilifundishwa na fundi pancha wa ng'ambo ya barabara. Alikuwa amenitazama siku nyingi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, mbona unaitesa hiyo mashine? Kitu cha kushika upepo kinajazwa upepo. Lete hapa kwenye karai."

Nilichukua plagi mbovu, nikavunja kauri yake, nikachomelea ndani kile kijimdomo cha kujazia upepo cha tyubu ya baiskeli. Unaifunga mahali pa plagi, unaileta pistoni juu kabisa katika mpigo wa kubana ili valvu zote mbili ziwe zimefungwa, kisha unaibana flaiwili isizunguke. Usipoibana, upepo utaisukuma pistoni na kukupiga vidole. Jaza kwa pampu ya mkono, zamisha, tazama mapovu. Yakitoka kwenye njia ya kuingizia hewa, valvu ya kuingiza inavuja. Yakitoka kwenye bomba la moshi, ni ya kutoa. Yakitoka kwenye tundu la kupumulia la chini, ni ringi, na hapo usiwe mkali sana: ringi mpya huvuja kidogo hadi zikae. Ukimaliza, kausha na utie oili siku hiyohiyo, la sivyo kesho utakuta kutu.

Bomba langu la moshi lilichemka kama maji ya ugali. Mzee alicheka, akarudi kwenye tairi zake.

Kosa lilikuwa la mkerezaji, yaani mimi. Nilitoboa njia ya shina la valvu, nikaifungua kazi kutoka kwenye mashine ya kukereza, kesho yake nikaifunga tena ili kukata kikalio, yaani ukingo ambao valvu inaukalia ikijifunga. Ukiifungua kazi katikati, shina na kikalio haviwezi kuwa na kitovu kimoja, hata ukiwa na macho ya mwewe. Valvu ikawa inakaa upande mmoja. Tena kikalio nilikipa upana wa mm 1.5 nikidhani kipana kinaziba vizuri. Ni kinyume. Springi ya injini kama hii ni dhaifu, na nguvu yake ikitawanywa kwenye eneo kubwa haibani popote. Mm 0.3 hadi 0.5 inatosha.

Kujua kama valvu inakaa, chora mistari ya penseli kukatiza kikalio, weka valvu, izungushe robo mzunguko. Mistari yote ikifutika, imekaa. Yangu ilifutika nusu. Kusaga valvu kwa dawa ya kusagia hakunyooshi kikalio kilichopinda, kunakichimba tu, kwa hiyo nilitengeneza kikatio chenye pini inayoingia kwenye njia ya shina, nikakata upya, ndipo nikasaga na kumalizia kwa dawa ya meno. Angalia pia nafasi kati ya valvu na kinachoisukuma. Karatasi ya kawaida ya kuchapia ina unene wa karibu mm 0.1 na inafaa kwa kipimo. Isipopita, valvu haifungi kamwe.

Hapohapo pima nafasi inayobaki juu ya pistoni. Nunua sirinji ya cc 2 duka la dawa, vuta oili, jaza kupitia tundu la plagi pistoni ikiwa juu na valvu zimefungwa. Yangu ilikula cc 1.7 wakati mahesabu yangu yalisema 1.4. Hizo cc 0.3 ni kama si kitu, ila zimeshusha mgandamizo kutoka mara 6 hadi mara 5. Kisha imwage oili yote. Injini hii ikibaki na nusu cc ya oili kichwani, mgandamizo unapanda hadi karibu mara 7, na utajisifu bure.

Nilipoizamisha tena baada ya kukata kikalio upya, karai lilitoa mapovu mawili matatu, basi. Haikuwaka. Safari hii sikurudisha chochote.

Moto sasa. Huu ulinipotezea muda kuliko yote, kwa sababu niliuona kwa macho yangu. Plagi ilipiga cheche kila zilipofunguka pointi, yaani swichi inayokata umeme wa koili, nikaandika daftarini "moto upo", nikafunga ukurasa. Koili niliichomoa kwenye pikipiki chakavu. Pikipiki nyingi za bodaboda zinatumia CDI, mfumo wa moto wa kielektroniki usio na pointi, na koili ya CDI inategemea kapasita imimine ndani yake volti mia mbili na zaidi kwa mpigo mmoja. Mimi niliipa betri ya volti 12 na pointi. Koili ya namna hiyo haina mizunguko ya waya ya kutosha kuhifadhi nguvu ya betri. Inatoa cheche nyembamba inayoonekana kivulini tu, na hiyo ni hewani. Ndani ya silinda hewa imebanwa mara tano sita, na hewa nzito inaizuia cheche zaidi. Plagi iliyopiga nje ilikuwa bubu ndani.

Tangu hapo sipimi moto kwa plagi. Nimepigilia misumari miwili kwenye ubao, ncha zimeachana mm 6. Cheche ikiruka hapo, tena ya buluu na yenye sauti, nitaiamini. Nilitafuta koili ya zamani ya mfumo wa pointi, nikaweka na kondensa yake, kwa sababu bila kondensa pointi zinaungua na moto unafifia. Upimaji huu ufanye mbali na tundu la plagi kama umekwisha kutia mafuta. Nyusi yangu ya kushoto iliota upya, namshukuru Mungu.

Taiming'i, yaani wakati wa cheche kupiga, sina mengi: kwa kuwasha kwa mkono, pointi zifunguke pistoni ikiwa juu kabisa au nyuzi tano za mzunguko kabla. Ukiiwahisha zaidi itakurudishia teke.

Mafuta yana hesabu moja ninayoipenda. Silinda ya cc 6.9 kwa hewa ya Mwanza inameza kama miligramu 7 za hewa kwa mpigo. Petroli inataka hewa mara 14 hadi 15 ya uzito wake, kwa hiyo mpigo mmoja unahitaji nusu miligramu. Tone moja la petroli lina miligramu 15 hivi. Tone moja ni chakula cha mipigo 30! Vijana hawa wanamimina kijiko kizima, kisha wanashangaa plagi imelowa.

Kasoro ya kwangu ilikuwa kinyume, petroli haikupanda kabisa. Koo la kabureta lilikuwa mm 6. Nilipolirudisha lile la mm 4, eneo lilipungua mara 2.25, kasi ya hewa ikaongezeka kiasi hichohicho, na mvuto unaofuata kasi ukijizidisha kwa yenyewe ukawa mara tano. Usawa wa petroli kwenye tangi niliupandisha, ukawa mm 8 chini ya jeti, kile kitundu kinachotoa petroli. Na nunua petroli kituoni, si ya chupa ya barabarani. Tone kwenye karatasi nyeupe likauke bila alama. Likiacha doa la mafuta, imechakachuliwa kwa mafuta ya taa.

Jumamosi jioni niliifungia drili, nikaziba koo kwa kidole kwa mizunguko miwili, nikaachia. Ilikohoa, ikatema moshi mweupe, ikashika. Mzee wa pancha alisimama na tairi mkononi hadi ilipozima yenyewe.

Sindano ya kabureta, inayopima petroli, imekaa mzunguko mmoja na robo kutoka kufungwa. Nikishuka nayo Dar es Salaam, kwenye hewa nzito, nitaifungua kidogo zaidi.