Alama za SAT na ufadhili wa ROTC: ya barazani na ya kweli

Kwetu matokeo ya mtihani ni ya hadhara. NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, wakitangaza, jua halijazama shangazi wa Tabora ameshafungua tovuti, ameitafuta shule, ameisoma namba ya mtahiniwa na amepiga simu, ama ya pongezi ama ya pole. Mzazi aliyekulia humo akifika Marekani, mwanawe akafanya SAT, mtihani wa kuombea vyuo vikuu vya huko, hubaki na imani ileile: mtihani umefanywa, matokeo yametoka, basi anayeyahitaji atayaona. Hapo ndipo maombi ya ufadhili wa ROTC yanapokwama, na hakuna anayepiga simu ya pole.

ROTC ni mpango wa kuwafundisha maafisa wa jeshi wangali wanafunzi wa vyuo vikuu vya kawaida. Sheria iliyouanzisha ni ya 1916. Jeshi la nchi kavu lina wake, wanamaji pamoja na kikosi cha Marines wana wao, jeshi la anga lina wake, na kila mmoja hutoa ufadhili kwa vijana wanaomaliza sekondari. Karo ya Marekani mnaijua, kwa hiyo habari ya ufadhili huu husambaa upesi kwenye makundi ya WhatsApp ya watu wetu, na uzushi hudandia gari hilohilo. Nimekaa na watoto wa jamaa kujaza fomu hizi misimu kadhaa. Haya ndiyo ninayoyasikia.

"Alama ameshaziandika kwenye fomu"

Fomu ya mtandaoni kweli ina mahali pa kuandika alama. Mtoto anaandika, mfumo unapokea, kila mtu anashusha pumzi. Lakini alama iliyoandikwa na mwombaji ni maneno yake tu. Inayohesabiwa rasmi ni ile inayotoka kwa wenye mtihani wenyewe, yaani shirika la College Board kwa SAT, au shirika la ACT kwa mtihani wao wa aina hiyohiyo, na hiyo haitoki mpaka mtahiniwa aingie kwenye akaunti yake na kuagiza itumwe. Picha ya simu haichukui nafasi yake, wala karatasi aliyochapa kaunsela wa shule.

Sisi tumezoea bahasha ya kaki. Kijana wa Kenya anayekwenda kwenye usajili wa KDF, jeshi la Kenya, hubeba vyeti vyake halisi mkononi, afisa anavishika, anavigeuza, anamrudishia. Cheti ni chako na wewe ndiye mpeleka. Huku alama ni zako pia, ila huzibebi: unamwagiza aliyezitoa azipeleke, na kuzipeleka kunatumia namba ya msimbo ya yule anayepokea. Kila jeshi lina msimbo wake, na msimbo wa SAT si lazima ufanane na wa ACT. Uchukue kwenye maelekezo ya ombi la mwaka huo. Nimeona msimbo umetumwa kwenye kundi la WhatsApp kama zawadi, kumbe ni wa jeshi jingine.

Kuna jambo la pesa hapa ambalo wengi hulikosa. Anayejiandikisha kwa SAT hupewa nafasi 4 za kutuma alama bure, na anaweza kuzijaza mpaka siku 9 baada ya mtihani. Matokeo huchukua kama wiki 2 kutoka. Ukihesabu utaona: dirisha la bure linafungwa kabla hujajua umepata nini. Anayetaka kuona kwanza ndipo atume atalipia kila mahali anapotuma. Mimi huwaambia watoto waweke msimbo wa jeshi tangu siku ya kujiandikisha, maana hatari kubwa kwa familia zetu ni kusahau kutuma, si kutuma alama ndogo. Na mtoto anayestahili chakula cha bure au cha bei nafuu shuleni amwombe kaunsela msamaha wa ada, akiwa darasa la 11 au la 12. Msamaha huo humpa SAT mbili bila malipo na kutuma alama bila kikomo. Watoto wa wakimbizi wengi wanastahili, lakini hawaombi kwa aibu.

"Tumeshapeleka chuoni, na ROTC iko hapohapo chuoni"

Ni kweli ofisi ya ROTC iko chuoni, na maafisa wanaofundisha wanaonekana wakipita na sare. Lakini ufadhili wa kitaifa hauamuliwi pale. Wa jeshi la nchi kavu unasimamiwa na kamandi ya makadeti iliyoko Fort Knox, Kentucky. Wa jeshi la anga uko Maxwell, Alabama. Wa wanamaji uko Pensacola, Florida. Alama ulizotuma idara ya udahili ya chuo hukaa kwenye idara ya udahili ya chuo. Ni nyumba mbili, kila moja na mlango wake, kwa hiyo unabisha hodi mara mbili.

"Vyuo siku hizi havitaki SAT"

Tangu janga la korona vyuo vingi vimefanya SAT kuwa hiari, ingawa vingine vimeirudisha. Chuo kikuu cha MIT kilitangaza kuirudisha Machi 2022. Sera ya chuo, hata hivyo, hailifungi jeshi. Bodi ya ufadhili ina masharti yake, na kijana anaweza kukubaliwa na chuo bila alama hata moja huku ombi lake la ufadhili likihesabika pungufu kwa sababu hiyohiyo. Soma masharti ya mwaka wako, maana hubadilika, na aliyepata ufadhili miaka mitano iliyopita si shahidi wa mwaka huu.

"Alishafanya ule mtihani shuleni"

Upi? Swali hili peke yake limeniokolea saa nyingi.

Kuna PSAT, mtihani wa mazoezi ambao alama yake ya juu ni 1520 badala ya 1600 ya SAT. Huo hautumwi popote kwa ajili ya ufadhili huu. Kuna ASVAB, ambao shule nyingi huufanya bure na ambao unahusu jeshi kweli, ndiyo maana unachanganya watu. Kazi yake hasa ni kuwapima wanaojiunga kama askari wa kawaida, si wanaoomba ufadhili wa uafisa. Kuna AFOQT, wa jeshi la anga, ambao kadeti huja kuufanya akiwa tayari chuoni. Halafu kuna SAT yenyewe, ambayo baadhi ya majimbo huwafanyisha wanafunzi wote siku ya shule. Hiyo ni SAT halali, na mtoto anaweza kuwa nayo asijue kama ina thamani nje ya darasa.

Na KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari wa Kenya? Mama mmoja alinionyesha cheti cha binti yake, A safi kwenye hesabu, akauliza kwa nini hakitoshi. Cheti hicho kinaingia kwenye rekodi ya masomo, na kina heshima yake. Hakishiki nafasi ya SAT wala ACT. Kwa raia wa Marekani wanaoishi Nairobi au Dar es Salaam, SAT hufanyika huko kwenye shule za kimataifa, kwa kompyuta, na alama yake ni ileile.

"Jina ni jina tu"

Hapa ndipo watu wetu huumia zaidi, wala si kosa la mtoto.

Alama zikifika, mfumo huzioanisha na ombi kwa jina, tarehe ya kuzaliwa na taarifa nyingine za mwombaji. Sasa tazama majina yetu. La kwanza la mtoto, la pili la baba, la tatu la babu. Ofisi moja imeshika la babu kama jina la ukoo, nyingine imeshika la baba, na shule imeunganisha mawili kwa kistari. Familia za Wakongo waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, nimewakuta ndugu watatu wa tumbo moja wenye majina matatu tofauti ya ukoo, kila mmoja kama alivyoandikwa siku ya usajili. Kuna aliyeandikishwa SAT kwa jina ambalo walimu walilizoea kwa sababu lilikuwa fupi, huku ombi la jeshi likibeba jina la kwenye pasipoti. Alama zimefika kweli, lakini zimekaa pembeni kama barua isiyo na mwenyewe.

Tarehe nayo ni hadithi. Wakimbizi ambao siku yao ya kuzaliwa haikujulikana waliandikiwa Januari 1, na ndiyo maana kwenye jamii zetu siku hiyo ni birthday ya nusu ya ukumbi. Mtoto ambaye mama anakumbuka alizaliwa msimu wa mahindi anaweza kujaza mwezi ule anaousikia nyumbani. Asifanye hivyo. Ajaze ile iliyo kwenye hati zake za Marekani, kila mahali, hata kama si ya kweli ya moyo.

Ikiwa kosa limeshatokea, alama hazijapotea. Mtahiniwa huwasiliana na wenye mtihani kurekebisha taarifa zake, kisha anapigia ofisi ya ufadhili kuthibitisha zimeoanishwa. Apige mwenyewe, si baba. Jeshi linataka kumsikia anayeomba.

"Alama ya kwanza ilikuwa ndogo, basi tena"

Si lazima. Jeshi la nchi kavu kwa kawaida huketi bodi zaidi ya moja katika msimu, na fomu hufunguliwa mapema, kiangazi kabla ya mwaka wa mwisho wa sekondari. Aliyekosa bodi ya kwanza anaweza kurudia mtihani, akatuma alama mpya, akaangaliwa tena. Kwenye SAT ya sasa kosa halikupunguzii alama, kwa hiyo hakuna sababu ya kuacha swali wazi.

Kima cha chini kilichotangazwa na jeshi la nchi kavu kwa miaka mingi ni 1000 kwenye SAT, au 19 kati ya 36 kwenye ACT. Hicho ni kizingiti cha mlango tu, na walioketi ndani wengi wamekipita mbali. Wanamaji hutazama kila sehemu ya mtihani peke yake, na hilo lina maana kwa watoto wetu: mwenye hesabu kali na Kiingereza kinachochechemea anaweza kuwa na jumla nzuri, akaanguka kwenye sehemu moja. Kuhusu kuokota alama bora ya kila sehemu kutoka mitihani tofauti, kila jeshi lina kanuni yake. Usichukue ya rafiki aliyeomba kwingine.

"Grini kadi inatosha"

Haitoshi, maana hiyo ni ya ukaazi wa kudumu, si uraia. Lazima awe raia kabla ya ufadhili kuanza kutumika. Lakini nimeona uongo wa upande wa pili pia, na huo unauma zaidi: mtoto anaacha kuomba akidhani si raia, kumbe ni raia.

Sheria ya 2000, iliyoanza kufanya kazi Februari 27, 2001, inasema hivi kwa ufupi: mtoto mwenye ukaazi wa kudumu, aliye chini ya miaka 18, anayeishi Marekani chini ya malezi ya kisheria ya mzazi wake, huwa raia mara mzazi huyo anapokuwa raia. Hafanyi mtihani wala hali kiapo. Baba akila kiapo mtoto akiwa na miaka 16, jioni ile walirudi nyumbani raia wawili. Hakuna anayemletea mtoto karatasi, ndiyo maana hajui. Familia iombe pasipoti yake ya Marekani, na hiyo ndiyo atakayoipeleka kama ushahidi. Jina la kwenye pasipoti hiyo ndilo litumike kwenye SAT, kama nilivyosema juu. Anayekaribia miaka 18 na mzazi hajaapa, basi hesabu ya miezi inakuwa ya haraka kweli.

"Akipata 1500, wamempa"

Kuna usaili, kuna uongozi shuleni na michezo, kuna jaribio la viungo lenye pushapu na mbio, na baada ya kuchaguliwa kuna uchunguzi wa afya ambao pumu ya utotoni inaweza kuuchelewesha. Alama ni sehemu moja.

"Na wakimpa, ameshakuwa mali yao"

Aliyepata ufadhili wa miaka 4 anaweza kujitoa mwaka wa kwanza bila deni la utumishi. Deni huanza anapoingia mwaka wa pili. Kwa jeshi la nchi kavu utumishi ni jumla ya miaka 8, ikigawanyika kati ya kazi ya kudumu na jeshi la akiba. Masharti yenyewe yako kwenye mkataba, kurasa kadhaa za herufi ndogo, na anayetakiwa kuusoma kabla ya saini ni mtoto, ambaye Kiingereza chake kimeshatupita sote pale sebuleni.