Maana ya "bila mrabaha" katika video na muziki wa akiba

Mtu amepanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame akiwa na simu tu. Amerudi na picha za mahema, mvuke wa chai na wenzake wakitweta. Hana picha ya Kibo, kilele kikuu cha mlima, kutoka angani, wala muziki wa kufungulia video. Akitafuta mtandaoni anakuta kipande cha sekunde 15 kilichoandikwa "bila mrabaha", anakipakua, na anaamini amepewa bure. Hayo ni mambo mawili tofauti, na anayeyachanganya huishia kufutiwa video au kuona mapato yake yakienda kwa mwingine.

Mrabaha ni malipo anayopata mwenye kazi kila kazi yake inapotumika. Leseni ya "bila mrabaha" huondoa malipo hayo ya kila mara: unalipa mara moja, au unalipa ada ya mwezi, kisha unatumia kipande kwa masharti mliyokubaliana bila kudaiwa upya kila video inapotazamwa. Leseni haisemi kwamba kipande ni cha bure, na haisemi kwamba hakina mwenyewe. Hakimiliki hubaki kwa aliyekipiga, na kipande kilicho bila mrabaha kinaweza kabisa kuuzwa makumi ya dola.

Neno "akiba" nalo lina maana yake. Ni picha, video na sauti zilizotengenezwa kabla, pasipo mteja maalumu, zikawekwa ghalani zikimsubiri mwenye haja nazo. (Tafsiri za mashine huandika "picha za hisa". Hisa ni za kampuni, hapa hazihusiki.) Zamani wakala wa picha alikuuliza kwanza utaichapisha wapi, kwa ukubwa gani na kwa muda gani, ndipo akakupangia bei, na mtu wa kawaida hakuimudu. iStockphoto, iliyoanzishwa mwaka 2000 huko Calgary, Kanada, ilikuwa miongoni mwa walioifikisha bei kwenye dola chache. Mwaka 2006 Getty Images iliinunua kwa dola milioni 50.

Vya bure kweli vipo pia. Pexels na Pixabay huruhusu kutumia video zao bila kulipa na bila kumtaja mpigaji, lakini huruhusiwi kuuza kipande kama kilivyo, wala kumwonyesha mtu anayetambulika kwa namna ya kumvunjia heshima. Kuna na leseni za Creative Commons, yaani ruhusa za wazi ambazo mwenye kazi huzichagua mwenyewe, na hapa inabidi usome herufi moja moja. CC0 haina sharti. BY inataka utaje jina la mwenye kazi, pamoja na leseni na kiungo. Kuyaandika kwenye maelezo yaliyo chini ya video kunatosha. NC inakataza matumizi ya kibiashara, kwa hiyo iepuke ikiwa chaneli yako ina matangazo. ND hukataza kubadilisha kazi, na wengi hawajui kwamba kuupanga muziki sambamba na picha zinazotembea huhesabiwa kuwa ni kuubadilisha. Kwa hiyo wimbo wa ND hauingii kwenye video hata kama hukuukata popote. Wimbo wa SA unaingia, ila nayo video yako italazimika kutolewa kwa leseni hiyo hiyo.

Muziki ndio unaoleta dai mara nyingi kuliko picha. Mfumo wa Content ID wa YouTube hulinganisha sauti, haujui kama umelipa. Ukidaiwa, unawasilisha pingamizi pamoja na uthibitisho wa leseni, na mwenye dai ana siku 30 za kujibu. Kwa sababu hiyo, siku ile ile unayopakua, hifadhi cheti cha leseni au picha ya ukurasa wa masharti, kiungo na tarehe, ndani ya folda ya mradi. Masharti ya tovuti hubadilika: Pixabay ilikuwa ikitumia CC0 hadi mwanzoni mwa 2019, kisha ikaandika leseni yake yenyewe. Kama unalipia kwa mwezi, angalia pia kinachotokea ukisitisha. Kwa kawaida video ulizokwisha kuchapisha hubaki salama, lakini huwezi kutumia vipande vile vile katika video mpya.

Leseni ikishakuwa sawa, kinachobaki ni kukifanya kipande kikae kwenye video kama kimezaliwa humo. Anza na ukweli wa mahali. Ukiwa Moshi, kusini mwa mlima, Mawenzi, kilele cha pili, iko kulia kwa Kibo. Ukiwa Amboseli, upande wa Kenya, iko kushoto. Video ya njia ya Machame inayofunguliwa kwa tembo wa Amboseli itagunduliwa na kila mtu wa Kilimanjaro, na kuigeuza picha kama kwenye kioo huharibu zaidi.

Kisha angalia idadi ya fremu (picha moja moja zinazounda video) kwa sekunde, maana hapa ndipo kazi nyingi huonekana za kubahatisha bila mtu kujua sababu. Simu nyingi hurekodi 30, wakati vipande vingi vya akiba ni 24 au 25. Ukiweka kipande cha 24 kwenye mradi wa 30, programu hurudia fremu 6 kila sekunde, na droni iliyokuwa ikiteleza sasa inashtukashtuka. Kwa mradi wa 30 tafuta kipande cha 30 au 60. Cha 60 kikipunguzwa mwendo hadi asilimia 50 kinatoa mwendo wa polepole ulio laini kabisa. Usipopata, iagize programu ikicheze kipande cha 24 fremu kwa fremu, yaani kwa kasi ya asilimia 125. Mawingu yatavumilia, lakini watu wanaotembea wataonekana wana haraka. Mradi ukiwa wa 25, kipande cha 24 kinahitaji asilimia 104 tu, na hakuna atakayegundua.

Upande wa ukubwa, kipande cha pikseli 3840 kwa 2160 ndani ya mradi wa 1920 kwa 1080 hukuruhusu kukuza hadi mara mbili bila picha kufifia, kwa hiyo kipande kimoja hutoa picha mbili. Kompyuta ikilemewa, tengeneza nakala nyepesi za kuhariria. DaVinci Resolve na Kdenlive hufanya hivyo, na zote zinapatikana bila malipo.

Rangi: kipande kilichopauka kama kimemwagiwa maziwa huenda kimerekodiwa kwa log, namna ya kurekodi inayofifisha rangi kwa makusudi ili zirekebishwe baadaye, na kinahitaji kugeuzwa kwanza kuwa Rec. 709, kiwango cha kawaida cha rangi za video. Baada ya hapo linganisha weupe, halafu mwangaza, na mwisho ukali wa rangi. Simu huzidisha rangi, kwa hiyo mara nyingi ni picha zako zinazohitaji kupunguzwa, si za akiba.

Sauti ndiyo inayosahaulika. Vipande vingi vya akiba ni bubu. Picha ya kilele ikiingia bila upepo wowote baada ya hema lililojaa kelele, mtazamaji hushtuka kabla hajajua kwa nini. Weka chini yake upepo kutoka Freesound, hifadhi iliyoanzishwa 2005 na chuo kikuu cha Pompeu Fabra huko Barcelona, na uchague faili za CC0. Uanzishe upepo nusu sekunde kabla ya picha kubadilika. Maelezo ya mdomo, pale yanapopaa zaidi, yafikie takriban −6 dB (desibeli, kipimo cha nguvu ya sauti), na muziki ukae dB 18 hadi 20 chini yake msemaji anapoongea.

Kwa video ya dakika 5, sekunde 30 hadi 40 za akiba zinatosha, kila kipande sekunde 3 hadi 5, kikitumika pale tu simu yako isipoweza kufika.