Je, wajua kwa nini profesa wa madaraja aliitupa ribiti akiwa na miaka 59?

Ukipita chini ya daraja la zamani la reli, inua macho kidogo. Utaona vichwa vya chuma vya mviringo vimejipanga safu kwa safu kama shanga, mamia kwa mamia. Kila kichwa ni ribiti moja, yaani kipande kinene cha chuma kilichopitishwa tunduni kikiwa chekundu kwa moto, kisha kikagongwa upande wa pili mpaka nako kikaota kichwa. Mnara wa Eiffel umeshikwa hivyo, na meli ya Titanic ilishikwa hivyo hivyo. Zama hizo ukisema chuma kimeungwa, umesema ribiti.

Mjini Kyiv, Ukraine, alikuwapo profesa aliyeijua ribiti nje ndani. Jina lake Yevhen Paton. Alikuwa amesanifu madaraja, ameandika vitabu vya kiada na kufundisha vizazi vya wahandisi. Mwaka 1929, akiwa na miaka 59, umri ambao wenzake wanapiga hesabu za kustaafu, aliweka madaraja kando akaanza upya kama mwanagenzi. Aliingia kwenye ufundi ambao wahandisi wengi wa wakati ule waliuona ni wa kuzibia mapengo tu: kuchomelea kwa umeme.

Kilimpata nini?

Jibu la haraka ni kwamba alivutwa na teknolojia mpya. Mimi naona jibu limejificha nyuma zaidi, kwenye kazi aliyoiandika akiwa kijana.

Paton alizaliwa mwaka 1870 huko Nice, Ufaransa, ambako baba yake alikuwa konsuli wa Urusi. Alisomea uhandisi Dresden, Ujerumani, akamaliza mwaka 1894. Kwa kuwa shahada ya Kijerumani haikutosha kumpa ruhusa ya kujenga Urusi, alikwenda St. Petersburg, akakaa tena darasani, akafanya mitihani upya na kupata shahada ya pili mwaka 1896. Kwa hiyo kuanza upya hakukuwa kugeni kwake. Mwaka 1904 alihamia Kyiv, kwenye Taasisi ya Politekniki iliyokuwa na miaka sita tu tangu ifunguliwe, akashika kiti cha uprofesa wa madaraja.

Sasa ile kazi ya ujanani. Mwaka 1901 alitetea tasnifu yake juu ya hesabu za kenchi zenye viungo vigumu. Unaijua kenchi: ile miti inayopangwa pembetatu pembetatu kubeba paa. Daraja la chuma la zama zile lilikuwa kenchi kubwa iliyolazwa juu ya mto. Wahandisi walipopiga hesabu, walijifanya kana kwamba kila panapokutana vipande pana bawaba, kipande kinaweza kuzunguka kidogo bila kulalamika. Hesabu inakuwa nyepesi. Lakini kiungo chenye ribiti kumi au ishirini si bawaba, ni ngumi iliyofumbwa. Treni ikipita, vipande vinataka kuzunguka na kiungo kinakataa, basi chuma kinapindwa mahali ambapo hesabu inasema hapapindwi. Paton alikaa na tatizo hilo akalihesabu.

Waswahili husema kamba hukatikia pembamba. Kwenye chuma, pembamba ni pale panapounganishwa. Kijana huyu alianza maisha yake ya kitaaluma akichungulia hapo hapo, kwenye kiungo, na ukifuatilia miaka yake yote 83 utaona hakuondoa jicho.

Hebu tuitazame ribiti kwa karibu, maana uovu wake hauonekani ukiwa barabarani. Kikundi cha watu wanne hivi kinafanya kazi juu ya mihimili. Mmoja anachochea moto na kupasha ribiti. Anaitoa kwa koleo, anaitupa hewani. Wa pili anaidaka kwa ndoo na kuiingiza tunduni. Wa tatu anaikandamiza kichwa kwa chuma kizito ili isirudi nyuma. Wa nne anagonga. Ikipoa inasinyaa, na kusinyaa huko ndiko kunakobana mabamba yakashikana. Ni ufundi mzuri sana, ukipenda vitu vya namna hiyo. Lakini kila ribiti inataka tundu, na kila tundu ni chuma kilichotolewa mahali ambapo kilihitajika. Ili mabamba mawili yashikane lazima yalaliane, au uweke bamba la tatu juu yake. Unanunua chuma ili ushikize chuma. Na makelele! Ndani ya mapipa ya boila alikaa mtu mmoja akiikinga ribiti kwa kifua chake huku mwenzake anagonga kwa nje. Kwa Kirusi vibarua hao waliitwa glukhar, jina lililobeba neno la uziwi, kwa sababu ndivyo walivyoishia.

Mwaka 1928 Umoja wa Kisovieti, ambao Ukraine ilikuwa sehemu yake, ulianzisha mpango wa kwanza wa miaka mitano. Viwanda, mabwawa, mabehewa, vyote vilitaka chuma, na chuma hakikutosha. Mtu aliyetumia ujana wake kuhesabu ubaya wa kiungo cha ribiti alipoona mabamba mawili yakiyeyushwa pamoja ukingo kwa ukingo, bila tundu, bila bamba la kulalia, hakuhitaji kushawishiwa sana. Mwaka 1929, mwaka ule ule alioingizwa kwenye Chuo cha Sayansi cha Ukraine, alianzisha maabara ndogo ya uchomeleaji. Mwaka 1934 ikawa taasisi kamili mjini Kyiv, naye mkurugenzi wake.

Hapa pana jambo linalonifanya nitabasamu. Mtu aliyebuni kuchomelea kwa tao la umeme, yaani umeme unaoruka pengo dogo na kutoa moto mkali, mwanzoni mwa miaka ya 1880, Mykola Benardos, alizaliwa kusini mwa Ukraine ya leo na kufariki mwaka 1905 katika mji wa Fastiv, mwendo mfupi kwa treni kutoka Kyiv. Paton alikuwa amekwisha kufika Kyiv mwaka mmoja kabla, akifundisha wanafunzi ribiti. Robo karne ikapita ndipo akaichukua kazi ya jirani yake.

Kuchomelea kwa mkono unakujua, gereji ziko kila mtaa. Fundi ameshika fimbo ya kuchomelea, macho nyuma ya kioo cheusi, cheche zinaruka. Fimbo inayeyuka, anaitupa iliyobaki, anachukua nyingine, anaendelea pale alipoishia. Pale alipoishia ndipo penye shida, maana kila mwanzo mpya ni nafasi ya tundu au ufa. Tena hewa yenyewe ni adui: oksijeni na naitrojeni zikiingia kwenye chuma kilichoyeyuka, mshono ukipoa unakuwa mkavu, unavunjika kama biskuti. Ndiyo maana fimbo ina ganda lake la kujikinga. Na mkono wa binadamu hauwezi kwenda mita kumi kwa mwendo ule ule bila kutetereka.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 Paton na watu wake waliifuata njia ambayo Wamarekani nao walikuwa wamekwisha kuiingia: kuchomelea chini ya fluksi. Fluksi ni punje punje kama mchanga mnene. Mtambo unatembea taratibu juu ya maungio ya mabamba. Mbele yake punje zinamwagika na kufunika njia. Nyuma yake waya unashuka kutoka kwenye kigurudumu ulikoviringishwa bila kukatika, unazama ndani ya punje, na huko chini tao la umeme linawaka. Wewe huoni kitu. Hakuna mwanga mkali, hakuna cheche, fundi hahitaji hata kioo cheusi. Punje zilizo karibu na moto zinayeyuka na kuwa blanketi juu ya chuma, hewa haiingii. Kwa vile umeme unaingia kwenye waya karibu kabisa na ncha yake, unaweza kupitisha mamia ya ampea, hata zaidi ya elfu, bila waya kuiva wote. Mtambo ukipita, juu ya mshono linabaki ganda gumu la kioo kioo, yale ambayo mababu wahunzi waliita mavi ya chuma. Unaligonga, linabanduka, na chini yake mshono uko laini kama umepigwa pasi.

Kisha vita. Wajerumani walipoivamia nchi mwaka 1941, Chuo cha Sayansi kilihamishiwa mji wa Ufa, Urusi. Paton, akiwa na miaka 71, alikataa kukaa mbali na viwanda. Alipeleka taasisi yake Nizhny Tagil, kwenye milima ya Ural, ambako kiwanda cha vifaru kutoka Kharkiv kilikuwa kimehamia na kuendelea kutengeneza T-34. Chuma cha kifaru ni kigumu mno, na mshono wake ulipasuka ukiwa bado moto. Dawa iliyopatikana ilikuwa nyepesi kuisimulia: walitandaza waya wa ziada kwenye mfereji wa mshono, ili chuma laini kichanganyike zaidi, na kile kigumu kiyeyuke kidogo tu. Nyufa zikaisha. Fluksi nayo ilipoadimika, waligeukia mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma za huko huko Ural, yaleyale mavi ya chuma.

Ila kilichonivutia zaidi ni ugunduzi wa mmoja wa watu wake, Dyatlov. Mitambo ya kwanza ilikuwa na vidhibiti vingi vya kuchunga urefu wa tao, na vilikuwa vinaharibika kila mara. Dyatlov aliona kwamba havihitajiki. Sukuma waya kwa mwendo mmoja tu usiobadilika. Ncha ikiwa mbali, umeme unapungua, waya unayeyuka polepole, na kwa kuwa unaendelea kusukumwa, ncha inarudi karibu. Ikiwa karibu mno, umeme unaongezeka, waya unayeyuka haraka, ncha inajivuta nyuma. Tao linajichunga lenyewe. Mtambo ukawa mwepesi kiasi kwamba wanawake na vijana waliokuwa hawajawahi kushika chuma walijifunza kuuendesha kwa muda mfupi, wakishona vifaru huku mafundi wazoefu wako vitani.

Vita vilipoisha Paton alirudi kwenye mto wake. Mwaka 1925 alikuwa amejenga juu ya Mto Dnipro daraja la ribiti lililobeba jina la mwanamapinduzi Yevgenia Bosch, juu ya nguzo za daraja la zamani la minyororo lililolipuliwa mwaka 1920. Nalo lililipuliwa Septemba 1941, jeshi la Kisovieti likiondoka Kyiv. Miaka 16 tu. Sasa mzee alitaka daraja lingine, kubwa, lisilo na ribiti.

Wapo waliotetemeka, na hawakuwa wajinga. Tarehe 14 Machi 1938 daraja la kuchomelewa huko Hasselt, Ubelgiji, lilipasuka na kuanguka kwenye Mfereji wa Albert. Wakati wa vita baadhi ya meli za Kimarekani za kuchomelewa zilipasuka kwenye baridi, nyingine zikakatika vipande viwili. Ribiti ina fadhila moja ambayo wapinzani wake huisahau: ufa ukifika mwisho wa bamba, unakoma. Kwenye chuma kilichoyeyushwa kikawa kimoja, ufa una njia ndefu ya kukimbilia. Kwa hiyo kazi ya Kyiv haikuwa ya mitambo peke yake. Ilibidi itafutwe aina ya chuma isiyovunjika ovyo wakati wa baridi, na umbo la mihimili lisilo na kona kali za kualika ufa. Mishono ya kusimama wima, ambayo fundi yeyote atakwambia ni adhabu kwa sababu chuma kilichoyeyuka kinatiririka, ilitafutiwa vifaa vya kupanda mhimili huku vikizuia chuma kisimwagike.

Daraja likatoka na urefu wa mita 1,543. Paton hakulivuka. Alifariki tarehe 12 Agosti 1953. Lilifunguliwa tarehe 5 Novemba mwaka ule ule, likapewa jina lake.

Mwanawe Borys alichukua taasisi. Huyu alizaliwa tarehe 27 Novemba 1918, siku ile ile Chuo cha Sayansi cha Ukraine kilipoanzishwa, na kuanzia mwaka 1962 alikiongoza chuo hicho mpaka alipofariki mwaka 2020 akiwa na miaka 101. Chini yake ufundi wa baba ulipanda juu kuliko daraja lolote: mwaka 1969 mtambo wa taasisi ulichomelea ndani ya chombo cha anga cha Soyuz 6, na Julai 1984 mwanaanga Svetlana Savitskaya alitoka nje ya kituo cha anga cha Salyut 7, mkononi ameshika kifaa kilichotengenezwa Kyiv, akakata na kuchomelea vyuma angani.

Daraja la Paton bado liko. Tramu zilipita juu yake mpaka mwaka 2004, kisha reli zikaondolewa kupisha magari, ambayo siku hizi ni mengi kupita walivyowaza waliolichora, na chumvi ya kuyeyushia barafu imelitafuna vibaya. Kutu ipo kwa wingi. Lakini ukishuka ukingoni mwa Dnipro ukatazama ubavu wa mihimili yake kutoka nguzo hadi nguzo, utatafuta kichwa cha ribiti usikione.