"Daktari Ameandika" Haimkingi Muuguzi

Kuanzia wodi za Dodoma mjini hadi zahanati za Kondoa na Mpwapwa, utasikia kauli ileile: dawa ikileta madhara, wa kujibu ni daktari aliyeandika, muuguzi alitekeleza tu. Si kweli. Muuguzi ana leseni yake mwenyewe chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, na Baraza la Uuguzi na Ukunga linaweza kumhoji yeye binafsi.

Chukua kloridi ya potasiamu, dawa ya kuongeza potasiamu mwilini. Faili linasema "mpe ampuli moja" (kichupa cha dawa ya sindano), basi. Ampuli ya mililita 10 yenye nguvu ya asilimia 15 ina takriban milimoli 20 (kipimo cha kiasi cha potasiamu). Ukiisukuma moja kwa moja mshipani, moyo unaweza kusimama papo hapo. Huchanganywa kwenye dripu, tuseme mililita 500 za salaini, chupa igeuzwegeuzwe dawa isitulie chini, kisha ipite kwa saa 2 au zaidi. Kwa hiyo agizo kama hilo halitekelezwi lilivyo. Muuguzi ampigie daktari, aombe liandikwe upya, na palepale aandike saa, aliyeongea naye na jibu alilopewa. (Kujaza faili zamu ikiisha ndiko kunakowaponza wengi.) Daktari naye hasalimiki: kila mmoja hujibu kwa sehemu yake, na mwajiri pia anaweza kudaiwa fidia.